Choo Changu Kilivyompandishia Shemeji Bima

Nyinyi vijana mnaokaa siku hizi kwenye dirisha la bima, mkiwa na viti vya kuzunguka na kompyuta inayowaamulia kila kitu, msianze kunionea huruma. Mimi nilikalia stuli. Stuli yenyewe ilikuwa na mguu mmoja mfupi, na kwa miaka yote niliyokuwa karani wa bima katika hospitali moja ya misheni hapa Kakamega nilikaa nimeinamia upande. Hata leo nikiwa kanisani watu hudhani nasinzia, kumbe ni mgongo uliozoea kazi. Elimu yangu ni ya kidato cha nne, na hesabu za huko zilinipita mbali. Lakini bima niliijua. Mgonjwa akitokea tu mlangoni, ningekisia kama kadi yake inafanya kazi kwa jinsi mumewe anavyotembea.

Hiyo ilikuwa ile bima ya zamani, ambayo wameshaizika. Sitaisifu sana. Ilikuwa mbaya kwa namna tuliyoizoea. Asiye na mwajiri alilipa kiasi kimoja, mwenye duka la jumla na mwenye jembe sawasawa, mwezi kwa mwezi. Ukichelewa unapigwa faini, ukikaa sana unaanza upya kungojea. Kadi ilikuwa na picha yako umekodoa macho kama mtu aliyeshikwa na kuku wa wenyewe. Watu waliilaani, lakini waliilaani wakijua njia zake.

Kisha tukaambiwa inakuja mpya, ya haki. Aliye nacho alipe zaidi, asiye nacho apunguziwe. Nilipiga makofi nikiwa kwenye kochi langu, peke yangu, chai mkononi. Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Tangu nistaafu, safari yangu ndefu ni kutoka jikoni hadi kwa ng'ombe, na nikirudi huwa nahisi nimezunguka dunia. Nikasema serikali imefanya vizuri, na mimi sitalazimika kusimama.

Nilisimama. Kila mtu alitakiwa ajiandikishe upya, hata sisi tuliowaandikisha wengine nusu ya maisha yetu. Nikaenda mjini, nikaweka kidole gumba kwenye kale kamashine, kakakataa. Nikaweka kingine, kakakataa pia. Kijana akaniambia nioshe mikono, nikaosha. Akaniambia nipake mafuta, nikapaka. Mwisho akaniambia kwa upole sana, "Mama, kuja kesho." Neno hilo mimi ndiye nililitumia miaka yote kwenye dirisha langu, tena kwa upole uleule. Nilikuwa sijui linavyouma ukiwa upande wa pili. Nilirudi nyumbani nimenuna mpaka ng'ombe akaniogopa. Kesho yake kamashine kakanikubali, nikapewa kiasi changu.

Sasa sikilizeni mpangilio wenyewe, kwa sababu ndio ulioniletea balaa. Mwenye mshahara hana shida ya maswali, anakatwa asilimia na hakuna anayemwuliza chochote. Sisi wengine, wa miwa na mahindi na kuku wawili watatu, tunaulizwa. Paa lako ni la nini? Ukuta je? Choo ni cha shimo au cha kuvuta maji? Unapika na nini? Taa ni ya nini? Mifugo mko nayo? Kompyuta inakoroga majibu hayo huko ndani, halafu inakutemea kiasi chako. Zahanati utatibiwa bure, sawa. Lakini ili ukilazwa ulipiwe, lazima uwe umelipa kiasi chako cha mwaka mzima kwa mpigo. Mwaka mzima, kwa watu wa miwa, ambao hela ya kiwanda huwajia siku inayojisikia kuja. Ukisema huna, unaambiwa kuna mkopo wa kulipia bima. Yaani unakopa leo ili siku ukiugua usije ukakopa. Mwenye kuelewa hapo aje anieleze, nitampikia.

Sasa mjue Jotham. Jotham ni mdogo wa marehemu mume wangu. Kwetu shemeji wa namna hiyo ni mulamwa, naye pia ananiita mulamwa, na kazi ya mulamwa kwa mulamwa ni kuchokozana mpaka mmoja aingie kaburini. Hakunirithi, kabla hamjauliza. Nilimwambia mapema kwamba kuosha soksi za wanaume wawili wa baba mmoja katika maisha mamoja siwezi. Tunaishi boma moja upande wa Malava. Nyumba yangu ni ya matofali, tuliijenga na mume wangu kwa mshahara wa mimi kukaa kwenye stuli. Nyumba yake iko kando, ukuta wa udongo, mabati yaliyochoka. Ana mke, Rispa, ambaye ni mpole kiasi kwamba ukimkanyaga yeye ndiye anaomba msamaha.

Rispa alikuwa mgonjwa. Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi na damu ilikuwa ikimtoka isivyo kawaida, wiki zinaingia wiki zinatoka. Alikuwa amepauka midomo, akitoka kisimani anaketi njiani kupumzika. Daktari alisema uvimbe utolewe, akampa tarehe, akasema tena waziwazi kwamba damu ikiendelea kupungua hivyo hata kumpasua kutakuwa hatari. Tarehe ingesimama mradi bima iwe hai. Nikamwambia Jotham aende tu ajiandikishe, ni kazi ya dakika chache, hakuna tofauti na zamani. Hivyo ndivyo nilivyosema, mimi mtaalamu. Nilisema nikiwa nimekaa.

Jotham akaenda sokoni, ambako waandikishaji walikuwa wamepiga hema na kipaza sauti, na watu wote anaocheza nao bao wako hapo. Akarudi, akanipa simu yake kwa vidole viwili.

"Mulamwa, hii kitu imenikosea adabu."

Nilitazama ule ujumbe, nikavua miwani, nikaifuta, nikatazama tena. Kiasi alichopewa kilipita changu. Mimi mwenye pensheni na gesi na umeme, nimepitwa na mtu ambaye redio yake inafungwa kwa kamba.

"Ulisema unapika na nini?"

"Gesi."

"Gesi ya nani, Jotham?"

"Ya hapa nyumbani."

"Na ng'ombe?"

"Nilisema wawili."

"Wewe una mmoja."

"Na wako."

Nikaanza kuona mwanga, na haukuwa mzuri. Nikamwuliza choo. Akasema cha ndani, kile cha kuvuta maji.

"Hiyo choo umeitumia lini?"

Akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Siku ya mazishi ya kaka. Kwa ile ingine ya shimo wageni walikuwa wengi."

Nilicheka mpaka Rispa akachungulia kutoka jikoni kwake. Nikamwambia Jotham kwamba nimempa kila kitu katika boma hili isipokuwa akili. Alicheka pia, ila kidogo. Kisha nikamwona Rispa alivyoushika mwimo wa mlango, na kicheko kikakatika. Kiasi kile wasingekipata hata wakiuza ng'ombe wote wawili pamoja na mimi.

Hapa ningojeni niwaambie habari ya Mzee Andayi, kwa sababu nilidhani yeye ameshanipa dawa ya jambo hili. Mzee Andayi alikuwa karani mkuu nilipoajiriwa, mtu mfupi mwenye kalamu tatu mfukoni, mbili zikiwa hazina wino. Siku zangu za kwanza nilimpigia kelele bwana mmoja kupitia dirisha kwamba mama aliyekuja naye hayuko kwenye kadi, kwenye kadi kuna mwingine. Foleni yote ikageuka. Bwana yule alikuwa mzee wa kanisa. Akasema kwa sauti kwamba huyo mwingine hamjui. Basi siku chache baadaye huyo asiyejulikana akaletwa ana uchungu wa kuzaa, na bwana hakuthubutu kuleta kadi, kwa kuwa alishamkana mbele ya watu. Mzee Andayi hakunigombeza. Aliweka benchi ndani ya ofisi, akafunga dirisha, akasema, "Watu hawamdanganyi karani. Wanaidanganya foleni." Tangu hapo nilimwita mtu ndani, nikaegemeza mlango, nikauliza kwa sauti ya kanisani. Nikapata ukweli mwingi kuliko padri.

Kwa hiyo nikajua kosa liko wapi. Jotham ameulizwa mbele ya hema zima, akaona haya, akaongeza. Dawa ni kwenda kurekebisha majibu, basi. Nikavaa viatu.

Sitawachosha na habari za huko, maana mimi mwenyewe bado nimechoka. Ofisini tukaambiwa mtandao umeanguka. Tukarudi tena, mtandao umesimama lakini anayeruhusiwa kubadilisha majibu yuko semina. Wakasema tulete barua ya chifu. Chifu akasema siku hizi mambo hayo yako kwenye simu. Simu ikasema itatuma namba ya siri, nayo ikaituma kwa laini ambayo Jotham aliitupa zamani. Kila niliyemfikia alikuwa na adabu, na hakuna aliyekuwa na jibu. Hilo ndilo linaloniudhi nyinyi watoto: siku hizi hata hakuna wa kumkasirikia. Zamani ungenikasirikia mimi, na mimi ningeingia kwa ndani nikatafuta njia kwa sababu nataka uondoke. Mwishowe mama mmoja wa pale alitusikitikia, akasema atatumwa mtu kuja nyumbani kuhakiki. Tukae tu nyumbani tungoje. Maneno matamu kama hayo sijawahi kuambiwa na ofisi yoyote.

Siku moja kabla ya huyo mhakiki kuja, nikamwita Jotham jikoni kwangu. Nikaegemeza mlango kama Mzee Andayi. Nikamwekea chai, nikateremsha sauti, nikamwambia hapa hakuna foleni, hakuna wa bao, ni sisi wawili. Kesho akiulizwa, aseme ukweli. Nyumba ya matofali si yake, choo si chake, gesi si yake. Yake ni ile ya udongo.

Hakugusa chai.

"Wewe unafikiri niliona haya," akasema.

Nikamwambia ndiyo, na si dhambi.

"Mulamwa, siku tulimzika kaka, wazee waliniuliza mbele ya watu, huyu mama ni wa wapi sasa. Unakumbuka? Wengine walikuwa wameshaangalia hii shamba. Nikasema huyu ni wa hapa, na nyumba yake ni ya hapa, ni yetu. Nilisema mara moja, na hakuna mtu alikusumbuanga tena. Sasa unataka nisimame hapohapo niseme hii nyumba si yetu? Nikisema hivyo nimekutoa."

Miaka yote nilidhani watu waliniacha kwa amani kwa sababu ya ukali wangu. Nilijisifu nao hata kanisani.

Mwishowe nikamwambia hao ni watu wa bima tu, si wazee wa ukoo.

"Watasikia," akasema. "Hapa nani hasikii?"

Akatoka. Nikanywa chai yake, nikalala vibaya. Upande mmoja kulikuwa na mahali pangu pa kuishi, upande wa pili Rispa anayepauka, na katikati kompyuta iliyouliza kuhusu choo.

Mhakiki alikuwa binti mdogo, Brenda, heshima nyingi, tableti imening'inia shingoni. Akaja na mzee wa mtaa, na nyuma ya mzee wa mtaa majirani, maana hapa gari la ofisi likisimama hakuna anayebaki na kazi. Basi ikawa foleni tena, nami sina dirisha la kufunga. Nikajaribu kumvuta binti pembeni, akasema utaratibu unataka mzee wa mtaa ashuhudie. Nikamtazama Mzee Andayi juu mbinguni, naye hakusaidia.

"Baba, hii nyumba ya matofali ni yako?"

Jotham alitazama miwa. "Ni ya hapa."

"Ni yako ama si yako?"

"Ni ya hapa nyumbani kwetu."

Binti alitaka kusaidia, ilionekana usoni. Lakini tableti ilikuwa na ndiyo na hapana, haikuwa na "ya hapa". Akainua kidole kwenda kwenye ndiyo. Nikafungua mdomo niseme mimi, niseme hiyo nyumba ni yangu peke yangu, potelea mbali. Na hapo ndipo Rispa alipoinuka kwenye mkeka.

Aliinuka polepole, akashika ukuta, akajifunga leso vizuri. Rispa huyu sijawahi kumsikia akimkatiza mtu, hata kuku.

"Mgonjwa ni mimi," akamwambia binti. "Kuja uniulize mimi, kwangu."

Akamshika mkono, akampeleka ndani ya nyumba ya udongo. Tukasikia wote, kwa sababu ukuta ule haufichi kitu. Paa? Mabati ya zamani, pale inavuja. Anapikia nini? Kuni, hizi hapa. Taa? Ya sola, ndogo, imekufa. Choo? Ile ya shimo nyuma ya migomba, ukitaka nikuonyeshe lakini nitatembea pole pole. Ng'ombe? Mmoja. Kila jibu alilitoa bila kupandisha wala kuteremsha sauti, kama mtu anayehesabu nguo kwenye kamba. Kisha binti akauliza, na ile nyumba ya matofali?

"Hiyo ni ya dada yangu mkubwa," Rispa akasema. "Yeye ni wa hapa. Hawa wote wanajua. Lakini chungu chake na changu ni tofauti. Andika chungu."

Mzee wa mtaa akakohoa, akasema kweli, ndivyo ilivyo. Majirani nao wakaitikia. Jotham hakuwa hapo tena. Alikuwa ameingia kwenye miwa, na majani yalikuwa yakitikisika kadiri anavyokwenda.

Basi vijana, hicho ndicho nilichokosa kwa miaka yote kwenye stuli, hata na mlango umefungwa. Nilijua watu hudanganya wakiona haya. Sikujua mtu anaweza kusema kweli tupu na kompyuta ikamlipisha. Kwetu, nyumba ni mambo mengi kuliko mabati na ukuta. Ukimwuliza mtu wa Kakamega "nyumbani kwenu kukoje," atakujibu na boma zima, pamoja na waliolala makaburini. Mwulize anakula kwenye chungu gani. Mwulize mama, kwa sababu baba hapiki. Tena mwambieni aandike laini anayoitumia, msimngoje mpaka augue ndipo mumwandikishe, na mkisema "kuja kesho", jamani, mwambieni saa ngapi.

Kiasi kilishuka. Hakikushuka sana hata nipige makofi tena, lakini chama cha akina mama wa kanisa kikachanga, Jotham akauza mahindi aliyokuwa anayangojea yapande bei, bima ikawa hai. Tarehe ilikuwa imeshapita, ikabidi kupanga nyingine, na siku zile za kungoja sitaki kuzikumbuka. Wakampasua. Dawa nyingine tuliambiwa tukanunue nje, glovu pia, kwa sababu haki ya bima mpya nayo ina mipaka yake. Nilisema maneno pale dirishani ambayo karani mstaafu hafai kusema. Kijana aliniambia pole, Mama. Nikamwambia pole si dawa. Lakini Rispa akatoka mzima.

Na hapa mtanicheka, chekeni. Daktari alisema kwa siku kadhaa asichuchumae, mshono bado mbichi. Sasa mtu aliyeandikwa mbele ya mzee wa mtaa kuwa choo chake ni cha shimo nyuma ya migomba, asichuchumae vipi? Nikamlaza kwenye chumba changu cha wageni, karibu na kile choo cha ndani chenye kesi. Nikampikia kwa ile gesi, nikampa maziwa ya yule ng'ombe wangu. Alianza kurudisha rangi midomoni. Siku ya tatu aliniambia chumvi imezidi, nikajua amepona.

Jotham ndiye aliyenisumbua. Tangu siku ya uhakiki alikuwa hajaingia kwangu. Mtu huyu, miaka yote tangu kaka yake afe, alikuwa akiingia kama upepo, anafungua sufuria kabla ya kunisalimu. Sasa alikuja jioni kumwona mkewe, akasimama nje ya mlango uliokuwa wazi kabisa, kofia mkononi.

"Hodi."

Nilidhani ni uchokozi wetu, nikamjibu kwa ukali kwamba tangu lini anabisha hodi hapa.

"Wameandika hapa si kwangu," akasema. Alitabasamu, lakini miguu haikusogea kizingitini.

Rispa alinitazama kutoka kitandani, mlango wa chumba ukiwa wazi. Yeye alikuwa ameshasema yake. Nje palikuwa na jirani anapita na jembe, akapunguza mwendo, maana hapa nani hasikii. Nikaona hiyo ndiyo foleni yangu, na safari hii sitafunga dirisha. Nikapaza sauti nilivyokuwa nikiipaza zamani, kabla Mzee Andayi hajanifundisha adabu.

"Ingia, mulamwa. Na ufute hayo matope, usichafue nyumba yako."